Laptopu ya Msafiri: Mnauliza, Tunajibu

Mlioniandikia safari hii karibu nyote hamkai mahali pamoja: leo Mombasa, kesho Nairobi, Dar au Lamu. Haya hapa maswali yenu.

Nauza nguo soko la Kongowea, Mombasa, na kila mara niko njiani kufuata mzigo Nairobi au Dar. Laptopu yangu ya inchi 15 inanivunja bega. Nyepesi ni ya kilo ngapi?

Pole, dada. Mimi mpaka wangu ni kilo moja na nusu. Laptopu za kawaida za inchi 15 huwa karibu kilo mbili, na bado hujaweka chaja. Chaja ndiyo watu huisahau dukani, kisha likawa tofali la kubeba safari nzima. Basi ukienda kununua, inua vyote viwili pamoja.

Tafuta ya inchi 13 au 14. MacBook Air ya inchi 13 yenye chipu ya M2 ina kilo 1.24, na LG gram ya inchi 14 haifiki hata kilo moja. Ila kadiri uzito unavyoshuka ndivyo bei inavyopanda, na kwa kazi ya kuandika mauzo na kutuma ankara sioni haja ya kulipia gramu 200 za mwisho. Pesa hiyo afadhali iende kwenye mashine inayochajiwa kwa tundu la USB-C. Hapo chaja moja ndogo ya wati 65 itatosha laptopu na simu, na lile tofali libaki nyumbani. Lakini usimwamini muuzaji kwa maneno tu: matundu mengine ya USB-C hupitisha data peke yake. Chomeka pale pale dukani, uone alama ya kuchaji.

Ukifika Dubai, pini tatu za mraba kama zetu zitaingia ukutani. China na bara Ulaya utahitaji adapta. Umeme wenyewe usikutie hofu mradi chaja imeandikwa 100–240V.

Ni mwanafunzi, naishi Tudor. Mpya siiwezi. Kuna duka mjini linauza zilizotumika kutoka Uingereza. Ninunue?

Nunua, mdogo wangu. Kwa bajeti ya mwanafunzi, mashine ya ofisi iliyotumika miaka michache mara nyingi huishinda mpya ya bei rahisi. Zile mpya za rahisi huwa na plastiki laini na diski ndogo ya gigabaiti 64 isiyobadilishwa, nayo hujaa kabla muhula haujaisha.

Kitu cha kwanza kuangalia ni umri wa prosesa, ile chipu iliyo ubongo wa kompyuta. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa jumla, kizazi cha 8 kwenda mbele. Soma namba: i5-8250U ni kizazi cha 8, kwa kuwa tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8. Ukiona i5-6300U, hiyo ni ya 6. Mjini utaambiwa "hii nayo tumeitia Windows 11". Kuitia kunawezekana kwa kuzunguka masharti, ila Microsoft haikuhakikishii masasisho ya usalama. Bei iwe tamu namna gani, mimi hiyo ningeiacha.

Kwa msafiri ningetazama ThinkPad X280 au T480s za Lenovo, au EliteBook 830 G5 ya HP. Zote ziko chini ya kilo moja na nusu. X280 ndiyo nyepesi zaidi kati ya hizo, ila RAM yake (kumbukumbu ya kufanyia kazi) imeunganishwa kwenye bodi na haiongezwi. Kwa hiyo chukua yenye gigabaiti 8 au zaidi tangu mwanzo.

Kisha betri. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Itatengenezwa ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilio nao sasa. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, bei ya betri mpya iondolewe kwenye bei ya laptopu. Muuzaji akikataa usifungue ripoti, aga uondoke.

Naweza kupanda ndege na pawabenki ya kuchajia laptopu?

Ndiyo, lakini ikae kwenye mkoba unaoingia nao ndani, kamwe si kwenye mzigo unaokabidhiwa. Kikomo cha kawaida ni wati-saa (Wh, kipimo cha nishati ya betri) 100. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Pawabenki ya mAh 20,000 huwa wati-saa 74 hivi. Soma pia masharti ya shirika lako, maana mengine hayaruhusu kuitumia angani.

Kazi yangu ni ya afya, naenda Lamu na visiwa vyake kila mara. Chumvi na unyevu havitaiua mashine?

Vitaiua usipoilinda. Kutoka Mokowe hadi Lamu ni mashua, na maji ya bahari yakiingia kwenye kibodi ni mabaya kuliko maji matamu. Nunua mfuko usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo, uitie laptopu kabla hujashuka gatini. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kuingia joto la nje, usiifungue hapo hapo. Iache mkobani nusu saa, kwa sababu hewa yetu yenye unyevu hugeuka matone juu ya chuma baridi.

Zisizo na feni, kama MacBook Air za chipu ya M, hazivuti hewa ya chumvi ndani, ingawa chini ya paa la mabati zitapunguza kasi zenyewe. Joto ndilo adui mkubwa wa betri. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, na ikiwa ina mpangilio wa kuchaji kukomea asilimia 80, uwashe siku unazokaa mjini.

Na ikiingia maji ya bahari: zima, usichaji, ifike kwa fundi siku hiyo hiyo. Habari ya kuizika kwenye mchele achana nayo. Maji yatakauka, chumvi itabaki ikila bodi.

Tableti yenye kibodi haitoshi?

Kwa barua pepe na kusoma, yatosha. Kwa hesabu ndefu za Excel utajuta.

Nikiibiwa njiani je?

Mashine utanunua nyingine. Taarifa za wateja wako ndizo za kulinda. Washa usimbaji wa diski, yaani kuifunga ili asiye na ufunguo asisome kilichomo: BitLocker kwenye Windows Pro, FileVault kwenye Mac. Nenosiri peke yake halitoshi, kwani diski huchomolewa ikasomwa kwingine. Ule ufunguo wa kurejesha utakaopewa, uandike kwenye karatasi, umwachie mtu wa nyumbani. Usiutie kwenye mkoba wa laptopu.