Nyumba za kale kutoka Njoro hadi Kisumu: pesa za wageni huishia wapi?

Mleta uzi amesoma kwamba huko Virginia, Marekani, kila Aprili wenye nyumba za zamani hufungua milango na bustani zao kwa muda wa wiki moja. Watu hulipa, huingia, na pesa zinazopatikana hutengeneza bustani za kihistoria. Ameuliza kama jambo hilo linawezekana huku Nakuru na magharibi ya Kenya. Wawili wamekwisha kumjibu kwamba sisi hatuna nyumba za kale, tuna nyumba kuukuu tu. Nimecheka, halafu nikaona nijibu kwa kirefu, maana mimi ni fundi wa mawe upande wa Njoro, na hizo nyumba kuukuu ndizo zilizonisomeshea watoto.

Hao wa Virginia hawakuanza na nyumba. Mwaka 1927 akina mama wa chama cha bustani waliandaa maonyesho ya maua, wakapata dola 7,000 za kuokoa miti iliyopandwa na Thomas Jefferson, rais wao wa zamani, kwake Monticello. Wiki ya kuzuru ikafuata mwaka 1929. Kilichonivutia mimi ni kwamba nyingi ya nyumba zile si makumbusho. Mtu anafungua nyumba anayolala, mnapita sebuleni kwake, jioni anafunga mlango na kupika. Hilo linawezekana hapa. Nimelifanya, na mara ya kwanza nililiharibu.

Nyumba yenyewe sitaitaja, ni ya watu. Ilijengwa na mlowezi kabla ya Vita vya Pili vya Dunia: mawe laini ya machimbo ya papa hapa, yamepangwa kwa udongo na chokaa, sakafu ya mbao za mtarakwa iliyoinuliwa juu ya vijiguzo vya mawe, veranda mbele, ua wa kaiyaba kuzunguka boma. Baada ya Uhuru, mume wa shosho (bibi kizee) mmoja na wenzake walinunua shamba, wakagawana ekari, na nyumba ikamwangukia yeye. Mzee alifariki, shosho akabaki na vyumba saba na paa linalovuja.

Aliniita mwaka 2011. Ukuta wa upande wa magharibi ulikuwa unamomonyoka chini, unashika kidole unga unabaki mkononi. Nikafanya nilichofundishwa: nikapiga plasta ya saruji kutoka kwenye msingi mpaka usawa wa kiuno, laini, timazi imenyooka, nikalipwa, nikaenda zangu nikijisifu. Mvua za mwaka wa pili shosho akanipigia simu. Ndani ya nyumba, juu kidogo ya pale plasta yangu ilipoishia, rangi ilikuwa inabambuka kama ngozi ya viazi vilivyochemshwa. Nikagonga plasta kwa nyundo, kipande kikaanguka kizima. Nyuma yake jiwe limekuwa uji.

Ukuta wa namna ile hunywa maji kutoka ardhini, halafu huyatoa taratibu kupitia viungo vya chokaa. Mimi nilikuwa nimeufunga pumzi. Maji yakakosa pa kutokea, yakapanda juu na kuingia ndani. Niliirudia kazi ile bila malipo, na lilikuwa deni halali. Nilibandua saruji yote, nikaloweka chokaa kwenye pipa wiki kadhaa, nikachanganya na mchanga, nikapaka tabaka nyembamba nyembamba, kila moja nikiifunika kwa magunia yaliyolowa ili isikauke kwa pupa. Watu wa Pwani wanaoishi kwenye nyumba za mawe ya matumbawe wataniona mjinga, wao chokaa wanaijua tangu utotoni. Sisi wa bara tumelelewa na mfuko wa saruji.

Lakini chanzo hakikuwa ukuta. Kilikuwa gata, ule mfereji wa maji ya mvua pembeni mwa paa. Nyuma ya nyumba kuna mjakaranda mkubwa, majani yake yameziba gata, maji yanafurika na kuteremka palepale ukutani. Na chini yake shosho alikuwa na kitalu cha waridi kimegusana na msingi, anakimwagilia kila jioni kwa mapenzi. Ninaomba wapenzi wa bustani wanisamehe: bustani nyingi nzuri nilizoona zinaiua nyumba polepole. Kitalu kinatakiwa kisogee hatua nzima kutoka ukutani. Mimea inayotambaa, inayopendeza sana kwenye picha, inaingiza mizizi kwenye viungo vya chokaa. Nilibishana na shosho kuhusu yale waridi miezi mitatu. Alikubali kuyahamisha nilipomwambia aidha waridi au chumba cha marehemu.

Hela za gata mpya hazikuwepo. Ndipo mwalimu mmoja wa kanisani kwake akasema, kwa nini tusilete watu waione nyumba, kila mtu atoe shilingi 300?

Walikuja 38. Hesabu ni rahisi, shilingi 11,400, na saa nne asubuhi nilikuwa nimeshainunua gata kichwani. Kufikia saa nane choo kilikuwa kimejaa. Tangi la choo cha nyumba ya watu wawili halikutengenezwa kwa watu 38 walionyweshwa chai. Lori la kunyonya maji taka lilichukua shilingi 6,500. Watoto walikuwa wamepita katikati ya waridi yaliyohamishwa, na dada mmoja mwenye viatu vya visigino alitoboa sakafu ya mtarakwa mashimo madogo ambayo bado yapo. Shosho hakusema neno. Alifagia tu, na kufagia kule kuliniuma kuliko angenitukana.

Tangu hapo ni watu kumi na watano, si zaidi. Wanavua viatu mlangoni. Choo ni cha shimo, nilikichimba mimi mwenyewe nyuma ya zizi. Pesa anashika shosho, zinaandikwa kwenye daftari mbele ya wageni, na kabla hawajaondoka nawaonyesha kwa mkono kile kitakachotengenezwa. Hili la mwisho naliona ndilo la maana kuliko yote. Mtu akiambiwa "mchango wa kuhifadhi urithi" anatoa mia mbili kwa shingo upande. Mwonyeshe gata iliyooza na bei yake, atauliza imebaki ngapi. Jumamosi nne zilitutosha kwa gata ya nyuma na mabati sita.

Kuna jambo ambalo sikulitarajia. Katika kundi la tatu alikuja mzee mmoja kutoka Molo, amevaa koti, kimya. Tulipofika uani alisimama mbele ya kijumba cha mawe ambamo shosho alikuwa akifuga kuku. Akasema, "Hapa ndipo jikoni. Baba yangu alipika hapa." Nyumba nyingi za walowezi jiko lilikuwa nje, mbali na nyumba kubwa kwa ajili ya moshi na moto, na chakula kilibebwa kupelekwa ndani. Mimi nilijua, ila sikuwahi kufikiri kwamba kile kijumba ndicho. Mzee akatuonyesha mahali stovu ilipokaa, na kijia ambacho baba yake alikipita na sinia hata mvua ikinyesha. Shosho aliwahamisha kuku wiki ileile. Siku hizi ziara inaanzia jikoni, ndipo tunaingia veranda. Wageni wengi wanatuambia waliyoyakumbuka ni hapo, si ile sebule yenye mahali pa moto.

Sasa kwa wanaotaka kuanza na mahali palipo wazi tayari.

Kasri la Lord Egerton pale Ngata kila mtu wa Nakuru analitaja. Lodi huyo, Maurice Egerton, mlowezi Mwingereza, alianza kulijenga mwaka 1938, vita vikaingilia, likakamilika 1954, vyumba 52 kwa mtu asiye na mke wala mtoto. Akafa 1958. Waongozaji watakuhadithia kuhusu mwanamke aliyeikataa nyumba yake ya kwanza kwa udogo, na jinsi alivyopiga marufuku wanawake kukanyaga pale. Sikilizeni, ni hadithi tamu, halafu ombeni mwonyeshwe mawe. Mimi huwapeleka vijana ninaowafundisha kazi, nawaambia waache simu, watazame pembe tu. Kasri liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho mbegu yake ni shule ya kilimo aliyoianzisha Njoro mwaka 1939, na viwanja vyake hukodishwa kwa harusi. Aliyefukuza wanawake sasa anatunziwa paa na mabibi harusi. Jumba lake la Uingereza, Tatton Park, aliliachia National Trust, shirika la huko la kutunza majengo ya kale, mwaka uleule aliokufa, na huko nako watu wanalipia kuingia kuona nyumba na bustani. Kwa hiyo wanaosema mambo haya hayatuhusu, mtu mmoja alikuwa na mguu huku na mguu kule.

Hyrax Hill, kilomita chache kutoka mjini kwenye barabara ya Nairobi, watu wanaikimbilia kwa ajili ya makaburi ya kale na ubao wa bao uliochongwa mwambani. Wanapita ndani ya makumbusho bila kugundua kwamba jengo lenyewe lilikuwa nyumba ya shamba, ikatolewa na mwenyewe, ikawa makumbusho mwaka 1965. Nyumba ndogo, ya kawaida. Ndiyo mfano ninaowapa watu wenye nyumba kama hizo wanaodhani mpaka uwe na kasri.

Kisumu ndiko nilikopigwa na butwaa. Ndani ya Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, kuna Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo la ukubwa halisi: nyumba ya mikayi, mke mkubwa, ikitazama lango kuu, za wake wenzake kando, simba ya kijana wa kiume karibu na lango. Nilikwenda na kiburi cha fundi wa mawe. Nikauliza kuta zinapakwa upya kila baada ya muda gani, nyasi za paa zinabadilishwa lini, nani anajua kuzifunga. Nilipotoka nilikuwa nimeelewa kwamba nyumba ya udongo haitunzwi kwa kuijenga imara, inatunzwa kwa kurudiwa. Asiyerudi na udongo na samadi, mvua inarudi. Mama yangu alikuwa akipaka ukuta wetu kila Desemba kabla ya wageni wa Krismasi, na hakuna aliyemwita mhifadhi wa majengo.

Ukiwa Kisumu, kabla ya kukimbilia samaki, tembea Mtaa wa Oginga Odinga ukiinua macho juu ya mabango. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga maduka chini na makazi juu. Mnara wa saa ni wa 1938. Matembezi haya hayana tiketi, na ndiyo shida yake: hakuna shilingi inayorudi kwenye ukuta wowote.

Mwenye nauli aende Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe lililo kaskazini magharibi ya mji wa Migori. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta za mawe zisizo na tone la udongo wala chokaa, nyingine zinafika mita nne na zaidi. Uso wa nje umepangwa, uso wa ndani umepangwa, katikati wameshindilia mawe madogo. Nilikaa pale saa tatu. Dereva alidhani ninaumwa.

Tahadhari moja kwa wenye nyumba: jengo likishatangazwa rasmi kuwa urithi wa kihistoria unaolindwa chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, huwezi kubomoa au kubadilisha unavyotaka bila ruhusa. Wapo wanaoogopa kuita wageni wakidhani serikali itafuata nyuma. Kutembelewa peke yake hakubadilishi hati ya shamba lako.

Kwa mleta uzi, ukitaka kuanza, usikopi mwezi wa Virginia. Aprili yao ni maua, Aprili yetu ni matope, na matope juu ya sakafu ya mtarakwa ni msiba. Chagua Januari au Februari. Lakini wewe mwenyewe uende Aprili, peke yako na mwavuli, usimame nje mvua ikinyesha uone maji yanapita wapi. Utajifunza zaidi kuliko ziara kumi za kiangazi.

Juzi shosho alinipigia. Bado ananiita kijana wake, na mimi nina wajukuu. Gata ya mbele imeanza kudondosha pale kwenye kona ya veranda. Kwa hiyo Jumamosi ya pili ya Januari tunafungua tena: nafasi kumi na tano, tisa zimeshachukuliwa. Chai ipo, kikombe uje nacho. Na soksi, mbao zile asubuhi zina baridi.