Bomba limefika, mtoto bado anaharisha

MUULIZE BWANA AFYA

Korosho zimeanza kudondoka huku Newala, na barua nazo zimedondoka. Mwezi huu najibu tatu tu, maana ya kwanza imenilia nafasi yote.

*Shikamoo Bwana Afya. Nina watoto wanne. Mwaka jana tuliletewa bomba kijijini, na kilula hakipo mbali na kwangu, kama mita mia tatu. Zamani tulichota kisima cha wazi tukigombania na mbuzi, kwa hiyo niliamini habari ya kuharisha imekwisha. Lakini wa mwisho, ana miezi kumi, ameharisha mara tatu tangu Mfungo Mosi. Mama mkwe, tunayeishi naye, anasema ni meno ya plastiki, anataka tumpeleke kwa fundi akang'olewe. Baba yao anasema bomba lina dawa nyingi. Kwa siku nachota ndoo tatu, foleni ni ndefu. Nimsikilize nani?* Mama Wanne, Tandahimba

Marahaba, mwanangu. Katika hili usimsikilize yeyote kati yao, ingawa nisalimie mama mkwe.

Nianze na lenye hatari. Meno ya plastiki hayapo. Kile cheupe anachokiona fundi ndani ya ufizi ni jino halisi la mtoto ambalo halijakomaa. Akilichokoa kwa kisu au spoku ya baiskeli, mtoto atatoka damu, atapata kidonda, na anaweza kupata pepopunda. Najua kwa nini wazee wanaamini. Kwenye miezi sita mtoto huanza uji, huanza kutambaa, na kila anachokiokota hukitia mdomoni. Meno nayo huota wakati huohuo. Basi uchafu unaharisha, meno yanasingiziwa.

Baba yao mwambie hivi: dawa iliyomo kwenye bomba ni klorini, na kwa kiasi kile inaacha harufu tu. Haiharishi mtu.

Sasa tuifuate ndoo yako. Nilipokuwa bado kazini, siku moja niliomba kukaa uani kwa mama mmoja kuanzia asubuhi, nitazame tu. Maji bombani yalikuwa safi, nimeyapima mwenyewe. Akakinga ndoo nyekundu, akachuma majani ya mwembe akayaweka juu ya maji yasimwagike njiani. Alipofika akaitua kwa vidole vinne vimezama ndani ya ukingo. Akamimina mtungini. Juu ya mtungi kulikuwa na kikombe kimoja cha plastiki, hakina mkono. Kijana wa miaka mitano akatoka nyuma ya nyumba akifunga kaptula, akachota, maji yakamfika kwenye kifundo cha mkono. Mpaka adhuhuri nilihesabu mikono kumi na minne iliyoingia mtungini mle. Nikachukua maji ya mtungi nikapima tena. Sikuwa na la kumwambia mama yule, maana alikuwa ameshanipa chai.

Kwa hiyo swali langu kwako halihusu bomba. Kikombe chako kina mkono? Mtungi una mfuniko? Ukipata ndoo yenye koki chini, au dumu la mdomo mwembamba unaloliinamisha, mikono haina pa kupita. Kata ya kifuu yenye mpini mrefu inatosha vilevile, mradi itundikwe, isilale sakafuni. Na majani ya mwembe acha, nunua mfuniko.

La pili ni hesabu, na hapa ndipo wengi hawatazami. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400. Kwa umbali, ninyi mmefika. Kwa wingi, hapana. Mko saba na bibi: lita 175, yaani karibu ndoo tisa. Wewe unachota tatu, kila mtu lita nane na nusu. Maji yakiwa machache, mwanamke hapunguzi ya kupikia wala ya kunywa. Anapunguza ya kunawa. Upele na vikope, ule ugonjwa wa macho, vinapitia mlango huohuo: si kwa kunywa maji mabaya, ni kwa kukosa maji ya kuoga na kuosha uso. Baba yao ana baiskeli? Madumu manne ya lita ishirini asubuhi, naye atajua bomba lina foleni kiasi gani.

Kibuyu chirizi kitakusaidia kubana matumizi. Dumu la lita tano, tundu la msumari, kamba na kijiti cha kukanyagia, sabuni imefungwa pembeni. Kiweke mlangoni pa choo, kingine jikoni. Sabuni ikiisha, majivu.

Na kinyesi cha mtoto huyo kinakwenda wapi? Usinijibu, najua. Kwetu huku watu husema cha mtoto mchanga hakina neno, kinarushwa mihogoni. Kina neno kuliko cha mkubwa, kwa kuwa watoto ndio wanaougua zaidi. Kitumbukize chooni. Kuku pia walale bandani. Mtambaaji anaokota mavi ya kuku kama anavyookota punje ya mahindi.

Nisikudanganye kwamba ukifanya haya yote hataharisha tena. Kuna tafiti kubwa zilizofanywa Kenya, Bangladesh na Zimbabwe, matokeo yakatoka mwaka 2018 na 2019. Familia zilipewa vyoo bora, dawa ya maji na vifaa vya kunawia. Bangladesh kuharisha kulipungua. Kenya na Zimbabwe hakukupungua, na kote kutatu usafi huo haukuongeza kimo cha watoto. Mimi nasoma hivi: uchafu wa uani ni mwingi, ukiziba tundu moja na mengine manne yako wazi, mtoto haoni tofauti. Ndiyo maana barua yako naijibu kwa kurasa na si kwa mstari.

Akiharisha leo: endelea kumnyonyesha, mpe ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, pakiti kwenye lita moja ya maji safi kama pakiti inavyosema, ikipita siku moja mwaga. Zahanati watakupa na zinki, siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Macho yakidumbukia, akishindwa kunywa, au ukiona damu, usingoje kesho.

Jambo moja nilitaka kuliruka. Nilipoanza kazi, tulikwenda vijijini na mgambo tukatoza faini wasio na choo. Baada ya mwezi kila nyumba ikawa nacho. Nikaandika ripoti nzuri. Mwaka uliofuata nikafungua vitatu: kimoja kimejaa majembe, kimoja kuku ameatamia, cha tatu hakijawahi kukanyagwa. Tangu hapo sijamuuliza mtu kama ana choo. Naomba kukitumia.

*Bwana Afya, salaam. Mimi mvuvi. Wazee hapa wanatukataza madafu, wanasema yanaleta busha. Kweli?* Msomaji, Kilwa

Kunywa madafu, ndugu yangu. Busha na matende huletwa na minyoo midogo inayopandikizwa na mbu, na pwani yetu mbu huyo hupenda maji machafu: karo lililopasuka, shimo la choo lenye maji. Pale Makunduchi, Unguja, miaka ya 1980 walimwaga punje nyepesi za plastiki ndani ya mashimo ya vyoo. Zikaelea, zikafunika maji, mbu akakosa pa kutagia, huku watu wakipewa dawa. Minyoo ikapungua sana.

Kwako: ziba nyufa za karo, wekea bomba la hewa la choo wavu, lala ndani ya chandarua, na dawa za kingatiba zikipita usijifiche. Najua wanaume wanazikimbia. Aliye na busha tayari aende hospitali, hupasuliwa na kurudi baharini. Nimewaona wengi waliokaa nalo miaka ishirini kwa aibu.

*Shikamoo. Nimeuza korosho, nataka kuchimba kisima cha kuvuna mvua uani, bati ninalo. Maji yake yananyweka?* Kijana, Newala

Marahaba. Bibi zetu walishuka bondeni usiku na mitungi kichwani kwa sababu mchanga wa uwanda huu haushiki maji, kwa hiyo umefikiri vizuri. Yananyweka ukiyachemsha, au ukitia kidonge cha klorini na kusubiri nusu saa. Mvua ya kwanza ya msimu usiingize, ina vumbi na mavi ya ndege ya miezi sita. Ugeuze mlizamu pembeni mpaka bati lioge. Mdomo wa kisima uufunike kwa zege, uache tundu la ndoo lenye kufuli. Kufuli si kwa wezi wa maji. Ni kwa watoto, wasitumbukie.

Na choo kiwe mita 30 kutoka hapo. Umesema uani, lakini hukuniambia uani kuna nini kingine.