Hundi na mizani: barua kwa mwanangu

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Somoe,

Marahaba. Salamu zako za Jumapili nimezipata, pamoja na picha ya ule ukurasa wa kijitabu mnachokitafsiri huko Dodoma. Nilicheka mpaka baba yako akaacha drafti yake barazani akaja kuuliza kulikoni. Nikamsomea: "Uongozi bora wa chama cha ushirika unahitaji hundi na mizani." Akasema, "Sasa kosa liko wapi? Bila mizani korosho utazipimaje, na bila hundi mkulima atalipwaje?" Kwa mtu wa Mtwara sentensi ile haina kasoro hata kidogo, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Mwenzako, au mashine aliyoitegemea, alikutana na "checks and balances", yaani wenye madaraka kuzuiana ili asiwepo anayewazidi wenzake, akachukua maana ya kwanza ya kila neno.

Umeniuliza: hili "check" ni kuzuia au ni kukagua? Na imekuwaje neno moja libebe hundi ya benki, kitambaa cha mirabamiraba na breki ya mwenye madaraka? Miaka yote niliyofundisha Kiingereza hakuna mwanafunzi aliyeniuliza hivyo. Wao walitaka kujua tu kama kwenye mtihani linaandikwa kwa "ck" au kwa "que".

Anza na sataranji. Mchezo huu ulitoka India, ukiitwa chaturanga, yaani wenye sehemu nne: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi wakauita chatrang, Waarabu shatranj, sisi sataranji. Mfalme kwa Kiajemi ni shah. Ukimweka mfalme wa mwenzio hatarini, unampigia ukelele: "Shah!" Ukelele huo ukapita kwa Waarabu, ukaingia Kilatini cha Ulaya, Wafaransa wa kale wakautamka eschec, na kufikia mwaka 1300 hivi ulikuwa umefika Uingereza. "Check" ni hilohilo shah lililochakaa njiani. Hata "chess", jina la mchezo wenyewe, ni wingi wa neno hilohilo.

Sasa tazama ukelele ule unafanya nini. Haumuui mfalme, katika sataranji mfalme haliwi kamwe. Wala haumfungi. Unamwambia mwenye mfalme: ulilokuwa unalipanga liache kwanza, nijibu mimi. Atamsogeza mfalme, au atamkinga, au atamla anayemtishia. Zaidi ya hayo matatu haruhusiwi kucheza chochote, hata kama upande wa pili wa ubao alikuwa amebakiza hatua moja kula kipande kinono. Akikosa yote matatu, ndipo shah mat. Wengi hulifasiri "mfalme amekufa" kwa sababu kwa Kiarabu māta ni kufa, lakini kwa Kiajemi maana yake iko karibu zaidi na mfalme aliyeduwaa, asiye na pa kukimbilia.

Kwa hiyo kuzuia kulianzia ubaoni. Kwanza neno likawa pigo la ghafla linalomsimamisha mtu, baadaye likawa kizuizi chochote: hatamu ya farasi, hasira iliyobanwa, mfalme aliyebanwa na bunge. Kukagua kumekuja nyuma sana, mwishoni mwa karne ya 17, na nadhani unaona kulivyozaliwa: anayejua kwamba kazi yake itatazamwa hujizuia mwenyewe.

Fedha nazo zilipita mlango wa ubaoni. Katika Uingereza ya mfalme Henry I, mwanzoni mwa karne ya 12, masherifu waliokusanya kodi za mfalme majimboni waliitwa mara mbili kwa mwaka kutoa hesabu. Walikaa kwenye meza ya futi 10 kwa 5 iliyotandikwa kitambaa chenye mistari kama ubao wa sataranji, na hesabu ikafanywa kwa kusogeza vihesabio juu yake. Richard FitzNeal, aliyekuwa mtunza hazina, aliandika katika karne hiyohiyo kwamba ni kama mchezo wa sataranji kweli, mtunza hazina upande mmoja na sherifu upande wa pili. Ubao ukaipa ofisi jina lake, "Exchequer", na mpaka leo Waziri wa Fedha wa Uingereza ana cheo ambacho ukikifumua unapata kansela wa ubao wa sataranji. (Risiti zao zilikuwa vijiti vilivyokatwa pengo, vikapasuliwa kwa urefu, kila upande ukabaki na nusu yake. Mwaka 1834 waliamua kuvichoma vijiti vya zamani katika matanuri ya jengo la Bunge, na Bunge lenyewe likateketea karibu lote. Mimi ningewashauri wawagawie wananchi kuni.)

Hundi ya benki hapo mwanzo haikuwa karatasi unayokwenda nayo dirishani. "Check" kilikuwa kishina, kile kipande kinachobaki kitabuni ili karatasi ikirudi ilinganishwe, ijulikane kama imeghushiwa. Baadaye jina likahama kutoka kwenye kishina likaenda kwenye karatasi. Waingereza wakaiandika "cheque" kwa kuigiza "Exchequer", Wamarekani wakabaki na "check". Hapo ndipo lilipokuwa jibu la wanafunzi wangu. Na kitambaa cha mirabamiraba kimeitwa hivyo kwa sababu ya ubao. Sisi tunakiita cha drafti, kwa ubao wa baba yako.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni kwamba neno hili limefika pwani yetu mara mbili. Mara ya kwanza lilikuja kwa bahari bila kupitia Ulaya, na tunalo bado: shaha, mfalme wa sataranji, na pia mshairi bingwa, kama tunaposema shaha wa malenga. Mara ya pili limekuja kwa Kiingereza, nawe unalitumia kila siku unaponiandikia "Mama, nitakucheki jioni." Mfalme wa Uajemi amepita Baghdad, Paris na London, akaishia kwenye salio lako la simu.

Tuje kwenye kazi yako. Unakumbuka msimu ule nilipokuwa karani wa ghala, baada ya kustaafu? Chama chenyewe tusikitaje. Mpimaji wetu alikuwa na haraka: gunia likitua, sindano bado inacheza, yeye ameshasoma, na kila mara alisoma upande wa chini. Wakulima wakinung'unika anasema foleni ni ndefu. Siku moja alikuja mzee mmoja asiyejua kusoma vizuri, lakini tarakimu alizijua. Alisimama kando ya mizani na kipande cha mkaa, na kila gunia lake likipanda, anachora uzito wake ukutani. Hakugomba, hakumkataza mtu kitu. Gunia la tatu mpimaji akaanza kusubiri sindano itulie. Alipoondoka mzee, kijana mwingine akaomba aachiwe ule mkaa.

Ukimuuliza Mwingereza, yule mzee alikuwa "check". Alizuia au alikagua? Kiswahili cha ofisini kinakulazimisha uchague. Ndiyo maana ofisi yetu kubwa ya hesabu ina cheo chenye maneno mawili, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mdhibiti anaangalia fedha kabla hazijatoka, mkaguzi anaziangalia zikishatumika. Ukiandika "udhibiti" peke yake msomaji anaona amri na kufuli. Ukiandika "ukaguzi" anaona mtu anayekuja na kalamu nyekundu mambo yakiwa yameshaharibika.

Nimelala nalo siku mbili, na neno ninalolipenda ni kuchunga. Anayechunga mbuzi anawaangalia na papo hapo anawazuia wasiingie kwenye mihogo ya watu, wala hukumsikia mtu akitenganisha kazi hizo mbili. Tunasema chunga mdomo wako, na hapo Mwingereza angeweza kabisa kutumia "check". Njia ni tofauti, lao lilipitia kwa wafalme na letu kwa mbuzi, lakini yamefika mahali pamoja.

Halafu kuna silaha ambayo Kiingereza hakina: -ana. Wao wanahitaji nomino mbili na kiunganishi katikati ili kusema kwamba hakuna aliye juu peke yake. Wewe sema viongozi na wanachama wanachungana, basi. Mfaransa Montesquieu aliandika mwaka 1748 kwamba mambo yapangwe hivi kwamba madaraka yazuie madaraka; kwa Kiswahili tungesema tu madaraka yachungane. Katiba yetu, Ibara ya 4, imetumia kutekelezwa na kudhibitiwa, na kama kijitabu kingekuwa cha wanasheria ningekuambia uifuate. Hiki ni cha wakulima. Ningeandika: "Uongozi bora wa chama unahitaji watu wanaochungana, asiwepo mwenye nguvu kuliko wote." Mkuu wako akiona neno hilo ni la kijijini mno, mpe "kudhibitiana", lakini usikubali kurudi kwenye hundi.

Korosho zimeanza kuanguka na mabibo yananuka mpaka ndani. Baba yako amerudi barazani. Nasikia vizibo vinagongwa ubaoni na mtu anacheka, si yeye. Nitumie ukurasa ukishasahihishwa nimsomee. Nicheki Ijumaa, siyo usiku sana.

Mama yako