Umekabidhiwa simu ya mapokezi yenye mashine ya ujumbe

Wengi wanaoajiriwa mapokezi siku hizi hawakukua na simu ya mezani nyumbani kwao. Halafu wanafika kazini, zahanati au nyumba ya wageni, wanakuta kuna namba ya 022 au 027 iliyoandikwa kwenye bango, kwenye risiti na kwenye kila barua ya miaka yote, na namba hiyo inaingia kwenye kodlesi, yaani simu ya mezani yenye mkonga usio na waya, iliyokaa kwenye kitako chake ikipepesa taa nyekundu. Hakuna anayekuelekeza. Unaambiwa tu "simu ile pale". Haya ndiyo ninayowaambia wageni wa kazi hii.

Kama simu ni mpya, au imeletwa na bosi kutoka safari, usichomeke kitu kwanza. Soma maandishi madogo ya kwenye adapta. Yaseme inapokea volti 220 hadi 240, au 100 hadi 240. Ikiandikwa 120 peke yake, hiyo imetoka Marekani, na ukiichomeka kwenye soketi zetu za volti 230 itaungua na pengine kuondoka na simu yenyewe. Muuza mtumba atakwambia ubadilishe adapta tu, simu ni nzima. Tatizo haliishii hapo. Kodlesi za kisasa hutumia mfumo uitwao DECT, na zile za soko la Ulaya, ambazo ndizo zinazotufaa, hufanya kazi kwenye megahezi 1880 hadi 1900. Za Marekani, zinazoandikwa DECT 6.0, zipo kwenye 1920 hadi 1930, masafa ambayo huku kwetu simu za mkononi hutumia kuongea na minara. Iache dukani.

Betri nazo. Ndani ya mkonga kuna betri mbili ndogo za kuchaji, volti 1.2 kila moja, zimeandikwa NiMH. Zikichoka, kuna mtu mwema ofisini ataweka za rimoti. Simu itawaka vizuri siku hiyo, na kila ukiirudisha kwenye kitako itakuwa inazichaji betri zisizotakiwa kuchajiwa, mpaka zivuje au zipasuke. Nunua za NiMH, uziache kwenye chaja usiku kucha kabla ya kuanza kuzitumia.

Kitako kiweke juu, mahali palipo wazi, si nyuma ya kabati la chuma la mafaili. Boksi litasema mita 50 ndani na 300 nje, ila hizo ni hesabu za mahali pasipo kizuizi. Kuta mbili za zege lenye nondo zinatosha kukukatia mazungumzo ukiwa stoo. Kama ofisi yenu ina mtambo wa ndani wa simu, ule wa kubonyeza 9 ili kupiga nje, muulize fundi kama tundu unalochomeka ni la analogi, yaani la simu ya kawaida. Tundu za simu za kidijitali za mtambo huo zinafanana nazo kwa macho tu. Kodlesi ya kawaida haitafanya kazi hapo. Msimu wa mvua za radi chomoa waya wa simu na adapta mnapofunga. Radi hupitia hata kwenye waya wa simu, na wengi hulinda umeme wakasahau waya huo.

Umeme ukikatika, kitako kinazima na mkonga unabaki kuwa rimoti isiyo na televisheni. Kwa laini ya shaba, simu ya kizamani yenye waya inaendelea kufanya kazi kwa sababu inapata umeme wake kutoka kituo cha simu. Usiikubali itupwe, iweke kwenye droo. Kama mmeshahamia faiba, habari ni nyingine: kile kiboksi cha ukutani nacho kinataka umeme, kwa hiyo kiboksi na kitako vyote vikae kwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, la sivyo hamna simu kabisa.

Baada ya kukatika umeme, simu nyingi husahau saa na tarehe, na hili lina madhara kuliko linavyoonekana. Mashine ya ujumbe, ile inayopokea na kurekodi mpigaji asipopata mtu, kwa kawaida hutamka siku na saa ya kila ujumbe. Isiporekebishwa, ujumbe wa leo unasomeka wa Januari mosi usiku wa manane. Na hata saa ikiwa sahihi, mashine inatamka saa za kizungu. Ikisema mbili na kumi na tano PM, andika kwenye daftari saa 8:15 mchana. Ukinakili ulivyosikia, daktari atasoma 2:15 na kudhani mgonjwa alipiga asubuhi.

Sasa salamu ya mashine, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Vitufe utavijua kwa siku moja. Lakini watu wetu hawapendi kuongea na mashine, na wana haki. Wakati mashine inapokea tu, kampuni ya simu inahesabu kwamba simu imepokelewa, na salio la mpigaji linaanza kuliwa. Ukimwekea muziki, kauli mbiu ya kampuni na orodha ya huduma, anakata, na hatapiga tena. Sekunde kumi zinatosha.

Kosa la pili ni kumsalimia. Wageni wengi wa kazi hii huanza salamu ya mashine na "Habari za leo?" kwa adabu kabisa. Mpigaji anajibu, "Nzuri, za kazi?" huku mashine inaendelea kuongea juu yake, anadhani hasikiki, anarudia, na mlio unalia wakati yeye bado yuko kwenye salamu. Kisha kwenye mashine utakuta, "Haloo? Haloo... hawa watu vipi?" na simu imekatwa. Mtu mzima ndiyo zaidi: atasubiri aamkiwe. Kwa hiyo usiulize chochote kinachodai jibu. Sema tangu mwanzo kwamba hakuna mtu. Mimi hupendekeza kitu cha namna hii:

"Hii ni mashine ya zahanati. Kwa sasa hakuna mtu kwenye simu. Ukisikia mlio, taja jina lako, namba yako mara mbili, na shida yako. Tutakupigia leo kabla ya saa kumi na moja jioni."

Hiyo saa ya mwisho ndiyo inayomfanya mtu aache ujumbe. Badala ya "tutakupigia baadaye", ambayo kila mtu anajua maana yake, mpe saa, na uitimize. Rekodi ukiwa umesimama, feni imezimwa, mdomo kiganja kimoja kutoka kwenye kinasa sauti, kisha jipigie kwa simu yako ya mkononi usikie anachosikia mteja. Usikilizaji wa kwenye spika ya kitako hudanganya. Kila sauti inasikika nzuri pale.

Idadi ya miito kabla mashine haijapokea, weka minne au mitano. Ukiweka miwili, mashine itakunyang'anya simu ukiwa bado unainuka kwenye kiti. Ukiweka minane, mpigaji atakuwa ameshakata. Na wanaobipu usiwahesabu, hao hawangoji mwito wa pili. Kama laini yenu haioneshi namba ya mpigaji, waliokata bila kuacha ujumbe wamepotea, na hapo ndipo utaelewa kwa nini nasisitiza salamu.

Kuna kitu kingine ambacho zahanati na ofisi za mawakili hukiona wakiwa wameshachelewa. Mashine nyingi hutoa sauti ya mpigaji kwenye spika wakati ule ule anaacha ujumbe, ili ukitaka upokee. Nyumbani ni jambo zuri. Mapokezi, benchi zima la wagonjwa litasikia mama fulani akiuliza majibu ya vipimo vya binti yake, jina na ukoo. Shusha sauti ya spika mpaka sifuri, na ujumbe usikilize kwa mkonga sikioni.

Sikiliza ukiwa na daftari na kalamu, na usifute kabla ya kuandika jina, namba, saa na shida. Namba ukiwa na shaka nayo, rudia ujumbe. Ndiyo sababu uliomba itajwe mara mbili. Lakini kufuta ni lazima, kila siku. Kumbukumbu ya mashine hizi ni ya dakika chache tu, na ikijaa, nyingine hupokea simu na kusoma salamu bila kurekodi lolote, na mpigaji ameliwa salio lake bure.

Mashine nyingi pia zinakuruhusu kusikiliza ujumbe ukiwa mbali: unapiga namba ya ofisi, salamu ikianza unabonyeza namba ya siri. Faida yake utaiona Jumamosi mgeni anapotaka kujua kama chumba kipo. Ila namba hiyo hutoka kiwandani ikiwa 0000 au kitu rahisi kama hicho, imeandikwa kwenye kijitabu ambacho yeyote anaweza kukisoma mtandaoni. Ibadilishe siku ya kwanza, umpe na msimamizi wako.

Na ukihamishwa, mkabidhi mwenzako namba ya siri na daftari, kisha mwambie arekodi salamu upya kwa sauti yake. Asipofanya hivyo, wateja watakuwa wanafika dirishani mwaka mzima wakimuulizia yule dada wa kwenye simu.