Kopo la elfu hamsini na tano, na vidonge vya bure nilivyovidharau

Mimba yangu ya kwanza nilinunua kopo la unga wa wajawazito kwa elfu hamsini na tano, muuzaji kanihakikishia mtoto atazaliwa kichwa balaa. Wakati huohuo vidonge vya FEFO, yaani vya madini chuma na foliki asidi, nilivyopewa kliniki bure vilikuwa vinazeeka kwenye pochi, siviwezi, vinanitia kichefuchefu alafu choo kinakuwa cheusi nikajua nakufa.

Kitu ambacho sikukijua, na laiti ningekijua mapema, ni kwamba ule mrija wa mwanzo ambao baadae ndo unakuwa ubongo na uti wa mgongo unajifunga ndani ya kama siku 28 tangu mimba itunge. Sasa piga hesabu, siku hizo wengi wetu ndo kwanza tunajiuliza mbona sijaziona, au ni stresi, au malaria. Mimi kliniki nilianza na miezi mitano! Foliki asidi ndo inasaidia huo mrija ufunge, usipofunga vizuri ndo mnasikia watoto wa mgongo wazi. Kwahiyo kama mnapanga mtoto anza mikrogramu 400 kila siku kabla hujabeba, maduka ya dawa zipo, uende nayo mpaka wiki ya 12. Ila kama ulishapata mtoto mwenye tatizo hilo au unatumia dawa za kifafa muone daktari kwanza, dozi yako inaweza kuwa kubwa zaidi, na dawa za kifafa usiziache kienyeji.

Haya turudi kwenye FEFO. Mimba ya pili nikakutana na nesi mmoja mtu mzima, akaniuliza mama vidonge unameza saa ngapi, nikasema asubuhi na chai. Alicheka! Chai inazuia madini chuma yasifyonzwe, na ubongo wa mtoto unayahitaji hayo madini kujijenga. Akaniambia meza usiku ukienda kulala, chai ikae mbali na chakula angalau saa moja, kwenye maharage au mchicha kamulia limau. Na choo cheusi ni kawaida ya vidonge vya chuma. Nikameza mpaka najifungua, kichefuchefu kikaisha chenyewe kwa kulala.

Lingine la aibu kidogo, udongo. Nilikuwa nakula pemba kama karanga jamani, nimejificha chooni ili baba watoto asione. Udongo nao unazuia madini chuma, na mwingine una madini ya risasi ambayo ni sumu ya ubongo kabisa. Nikaona hamu yenyewe inaweza kuwa dalili ya damu pungufu, nikapima, kweli ilikuwa chini.

Chakula sikufanya makubwa, dagaa, mayai, parachichi. Samaki kula lakini papa achana naye, ana zebaki nyingi. Pombe hata ile ya "glasi moja tu kwenye sherehe" mimi nilikataa, hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama. Neti na zile dawa za kuzuia malaria za kliniki usikwepe.

Alafu chumvi! Hii watu hawaisemi. Nunua yenye madini joto, sio ile ya mawe ya kupima sokoni, maana mama akikosa madini joto mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, isikae wazi jikoni karibu na moshi na mvuke, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Kuongea na tumbo nako kupo, miezi mitatu ya mwisho mtoto anasikia, sauti ya mama anazaliwa anaijua. Wangu alisikia zaidi baba yake akigombana na tivii Yanga wakicheza, sijui hiyo tunaiweka fungu gani.

Lile kopo bado ninalo. Unga uliisha zamani ila mfuniko wake unabana vizuri mnoo, ndo ninamowekea chumvi.