Kivu na kuvu: kabla hujalipia kamera ya filamu

Wadogo zangu mnaoanza kupiga picha nyeusi-nyeupe hapa Bukavu, kila mara mmoja wenu hunionyesha kwenye simu kamera inayong'aa na kuniuliza: "Yaya, hii itadumu?" Nami humjibu kwa swali: bila betri inafyatuka?

Swali hilo nimelilipia. Kamera yangu ya kwanza ya telemeta, yaani ile unayolinganisha vijipicha viwili dirishani ili kupata umbali, ilikuwa Yashica Electro 35. Lenzi nzuri, sura nzuri zaidi. Ila shata yake, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga hadi kwenye filamu, inaongozwa na umeme, na betri iliyoundiwa mwaka 1966 ilikuwa ya zebaki, aina ambayo madukani haipo tena. Betri ikifa, unabaki na spidi moja tu, 1/500 ya sekunde. Mchana juani utajitetea. Yangu ilikufa jioni, katikati ya harusi, ukumbini Kadutu. Roli nzima ya picha 36 ilitoka tupu kama maji, na bibi harusi hadi leo tukikutana Nyawera hunisalimia kwa ufupi sana.

Basi tafuta mashine ya springi na meno ya chuma. Leica M3 iliyotoka mwaka 1954 inasifiwa na kila mtu, na sifa zake ni za kweli, lakini bei yake ni ya kuuza shamba, tuiache hapo. Canonet QL17 ni njia ya kati: kipima mwanga chake kinataka betri, ila ukipanga kila kitu kwa mkono, shata inafanya kazi bila betri. Mimi naishi na Zorki 4, iliyoanza kutengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, mwaka 1956. Hazikuwa chache, zilipita milioni moja, ndiyo maana bado zinapatikana kwa bei ya binadamu. Sharti lake ni moja: vuta filamu kwanza, ndipo ubadilishe spidi. Ukigeuza kitufe kabla ya kuvuta, unaweza kuharibu mitambo ya ndani, na fundi wa kuifungua hapa mjini ni wa kutafuta kwa tochi. Tena usinunue jina. Zorki mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na tabia kama za watoto wa mama tofauti.

Kuijaribu, mwombe muuzaji mshuke pamoja hadi Ziwa Kivu. Weka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa, uchungulie mlima wa ng'ambo, upande wa Rwanda. Ndani ya dirisha utaona kijipicha cha pili katikati. Kinapaswa kulalia mlima ule sawasawa. Kikiwa kimesogea pembeni au kimepanda juu, telemeta inadanganya, na picha zako zitakuwa na ukungu hata ukipima vizuri namna gani. Kisha fungua mgongo wa kamera, uielekeze kwenye mawingu meupe, ufyatue kwa 1/1000. Mwanga uonekane pande zote mbili za dirisha la filamu. Upande mmoja ukibaki giza, mapazia yamechoka. Spidi ya sekunde 1 ihesabu kwa mdomo tu, sikio linatosha.

Sasa kuvu. Mvua zetu ni za miezi kama tisa kwa mwaka, unyevu wa ziwa hauendi likizo, na kuvu hupenda lenzi kuliko sisi. Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, upitishe mwanga wa tochi kwa ubavu. Vumbi kidogo lisikutishe. Ukiona nyuzi nyembamba kama za buibui, rudisha kamera kwa mwenyewe, hata akipunguza bei nusu, maana kuvu ikishakula kioo, kusafisha hakurudishi kilicholiwa. Nyumbani usiihifadhi kwenye ule mfuko wake wa ngozi unaopendeza. Ngozi hutunza unyevu. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Adui mwingine ni jua. Mapazia ya Zorki na Leica ni ya kitambaa, na mbele yake hakuna kioo cha kuyakinga. Ukiiacha kamera mezani lenzi ikitazama jua la mchana, lenzi inageuka moto na kutoboa pazia. Kwa hiyo funika lenzi kila unapopumzika. Halafu ukumbuke kuifunua, kwa sababu dirisha la kuchungulia halipiti ndani ya lenzi na halitakuambia kitu. Nimeshapiga roli nzima ya kifuniko. Usicheke, zamu yako inakuja.

Mkikubaliana bei, omba muuzaji akupe siku chache kabla ya kumalizia pesa. Tia filamu ya wepesi wa 400, HP5 au Tri-X, na juani piga kwa tundu la lenzi la f/16 na spidi ya 1/500. Ikishasafishwa, panga negativu kwenye mwanga. Kitone kinachorudi mahali palepale kwenye kila picha ni tundu la pazia. Mistari kutoka ukingoni ni mwanga unaopenya mgongoni. Kwa Canonet hiyo ni sponji iliyooza, unaibandua na kuweka uzi mweusi wa sufu. Hiyo ya uzi utaifanya mwenyewe jioni moja. Ya tundu la pazia, mrudishie muuzaji kamera yake.