Lori lina kilomita 770,000 na limeanza kula oili, nibadilishe namba ya oili?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina lori la dizeli, silinda sita, lina turbo, halina ile filta ya masizi kwenye ekzosi. Limeshatembea kilomita 770,000 na injini haijawahi kufunguliwa. Siku zote naweka oili ya 15W-40 (hiyo ndo namba ya uzito) yenye herufi CI-4 (daraja la ubora). Sasa hii miezi ya karibuni naongeza kama lita 1 kila kilomita 1,000, alafu asubuhi nikiwasha kuna moshi kidogo, baada ya dakika chache unaisha. Dereva wangu anasema niweke 20W-50 maana injini imezeeka, mwingine anasema nihamie sinthetiki, ile oili ya kutengenezwa kikemia, na muuza spea kanipa dumu la 10W-30 akasema ndo oili ya kisasa. Nifuate ya nani?

JIBU: Salama ndugu yangu. Nianze na hilo dumu la 10W-30 maana ndo la haraka: usilifungue kwanza, ligeuze usome herufi za API, yaani daraja la oili kwa viwango vya taasisi ya mafuta ya Marekani. Kama yameandikwa FA-4 lirudishe hukohuko. FA-4 ilitoka Desemba 2016 pamoja na CK-4, lakini ni oili nyepesi iliyotengenezwa kwa injini mpya zilizoundwa kubana matumizi ya wese, na haifai kurudishwa kwenye injini za zamani. Yaani ule utando wa oili kwenye beringi ikiwa ya moto unakuwa mwembamba kuliko injini yako ilivyopangiwa, na beringi za kilomita 770,000 hazina cha kusamehe hapo. Kuna 10W-30 zingine ni CK-4, hizo sio mbaya kwenyewe, ila kwa injini inayokula oili mi nisingeshuka kwenda 30.

Sasa 20W-50. Watu wanaisikia hii 50 wanadhani ni oili ya aina nyingine kabisa kumbe ni jirani tu wa 40. Ikipimwa kwenye nyuzi 100 za joto, oili ya 40 inatakiwa iwe kati ya 12.5 na 16.3 sentistoki (kipimo cha uzito wa oili), ya 50 inaanzia hapohapo 16.3 inaenda mpaka 21.9. Kwa hiyo 40 iliyo juu na 50 iliyo chini zinakaribiana sana, ukiona lori la mtu limepunguza kula oili baada ya kuhamia 50 ni kweli inaweza kupungua kidogo, lakini ringi ya pistoni haijapona, na siku ukirudi kwenye 40 unaikuta shida palepale na imekua. Alafu ile namba ya mbele yenye W ni ya baridi: kadiri ilivyo kubwa oili inachelewa kupanda asubuhi, na wa kwanza kuumia ni turbo, maana shafti yake ikiwa kazini inaweza kuzunguka karibu mara 100,000 kwa dakika na inaelea kwenye oili tu, hakuna kingine kinachoishika.

Sisemi 20W-50 ni haramu. Kama kitabu cha injini kinairuhusu kwa joto la sehemu unayofanyia kazi, na geji ya presha ya oili inashuka sana injini ikiwa ya moto na iko sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), hapo unaweza kuitumia kujinunulia muda huku unajipanga kwa ovaholi. Lakini wewe hujaniambia habari ya presha kabisa, umeniambia inakula. Hayo ni mambo mawili tofauti. Presha ndogo ni ya beringi na pampu, kula oili ni ringi, sili za valvu, turbo au kuvuja.

Na hiyo lita 1 kwa kilomita 1,000 usiichukulie kama ya gari dogo. Gari dogo likila hivyo ningekwambia lisitembee. Lori la mzigo katika kilomita hizohizo linachoma dizeli labda lita 300 na zaidi, oili lita 1 ni kama theluthi moja ya asilimia moja ya wese lako. Kwa umri huo sio msiba. Kinachonisumbua ni kwamba zamani hukuwa unaongeza na sasa unaongeza, kitu kimebadilika, na kabla hujachagua oili nataka tujue hiyo lita inaenda wapi.

Moshi wa asubuhi uangalie vizuri na uunuse. Kama una ubluu na harufu ya oili iliyoungua, unakuja wakati wa kuwasha tu kisha unakata, mara nyingi ni oili iliyochuruzika usiku kupitia sili za valvu au kwenye turbo. Ukiwa mweupe-mweupe, unawasha macho na kunuka dizeli, hiyo sio oili, ni wese lisiloungua, tafuta kwenye nozeli au kompresheni. Moshi wa bluu unaokufuata mlimani na mzigo mchana kutwa ndo wa ringi. Hebu simama nyuma ya lori asubuhi mwenyewe, usimtume dereva, kila mtu ana bluu yake.

Kingine, na hapa naomba unisikilize sana kwa sababu watu wengi wanaruka: paipu ya kupumulia ya injini, ile wengine wanaita brida. Kuna lori liliwahi kuletwa kwangu linadondosha oili kwenye kengele ya gia, pale injini inapokutana na gia boksi, na tayari lilikuwa limeshawekewa 20W-50 mara mbili na dawa ya kuzibia uvujaji juu yake. Mwenyewe alishakubali kushusha gia boksi abadilishe sili ya nyuma. Nikachomoa ile paipu kwanza, ndani tope jeusi gumu kama grisi iliyokaa juani, nikaitazama kwenye mwanga hata tundu halionekani, nikalitoa kwa waya na dizeli likatoka kipande kirefu kama mkaa mbichi. Injini ilikuwa haina pa kupumulia, hewa yote inayopita kwenye ringi inasukuma oili itoke popote penye udhaifu. Tukasafisha, tukarudisha 15W-40 ya kawaida, uvujaji ukabaki unyevu tu. Sili haikubadilishwa siku hiyo.

Kwa hiyo safisha brida, alafu injini ikiwa ya moto na iko sailensa legeza kifuniko cha kujazia oili, kigeuze ukiweke juu ya tundu bila kukaza. Kikitetemeka kidogo ni kawaida ya injini iliyotembea. Kikirushwa au moshi ukatoka mzito kama wa sufuria inayochemka, ringi zimechoka na hakuna oili ya namba yoyote itakayozirudisha.

Chukua pia tone moja la oili ya moto kwenye kijiti cha kupimia, lidondoshee kwenye karatasi nyeupe inayofyonza, iache ilale sawa mpaka siku ya pili. Weusi wenyewe usikutishe, oili ya dizeli inakuwa nyeusi ndani ya siku chache kwa sababu inabeba masizi, hiyo ndo kazi yake. Unachotazama ni weusi unavyosambaa. Ukisambaa taratibu mpaka pembeni, oili bado inabeba uchafu. Ukijikusanya katikati kama kidonge chenye ukingo mkali, imeshashindwa kubeba na hata kama kilomita hazijafika imwage. Ukiona duara pana jepesi limezunguka nje, na kwenye kijiti kiwango kinapanda badala ya kushuka, kuna dizeli inaingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na hapo oili unayonunua inaharibika kila siku hata iwe ya bei gani.

Sinthetiki. Ile hofu kwamba inafungulia uvujaji kwa kiasi kikubwa ni ya zamani, sili nzima haitobolewi na sinthetiki. Sili iliyokwisha kukakamaa na imezibwa na tope tu inaweza kuanza kutoa baada ya tope kuoshwa, ila hata 15W-40 nzuri ya dizeli inaosha hivyohivyo. Sababu yangu ya kutokukupeleka huko ni nyingine: faida yake kubwa ni baridi kali na kukaa muda mrefu bila kumwagwa, sasa wewe unaunguza lita 1 kila kilomita 1,000, utakuwa unachoma oili ya gharama kwa faida usiyoivuna. Na zile zilizoandikwa ni za injini za kilomita nyingi, nyingi zimetengenezwa kwa magari madogo ya petroli, usiweke kwenye lori kwa sababu ya maneno ya mbele ya dumu, soma herufi nyuma.

Jibu lako basi: baki na 15W-40. CI-4 ni ya mwaka 2002 na kwa injini isiyo na filta ya masizi bado ni oili halali kabisa, hasa kama dizeli unayoipata ina salfa nyingi, chagua yenye namba ya TBN kubwa, hiyo ndo akiba ya kuua asidi inayotokana na salfa. Kama dizeli yako ni safi na CK-4 unaipata, panda hiyo bila wasiwasi, inakubalika pale panapotakiwa CI-4 na inavumilia joto bila kuchoka haraka wala kushuka uzito. Ila kwenye salfa nyingi usiirefushie kilomita. Tofauti ya muhimu ni ikiwa kitabu cha injini kinataka alama ya mtengenezaji mwenyewe, hiyo inatangulia herufi zote. Zile dawa za kunenepesha oili sikushauri hata kidogo, zinavuruga mchanganyiko ulioulipia pesa na zinaficha ugonjwa.

Muda wa kumwaga mi ningekata robo ya kilomita za kitabu, na filta kila mara. Kuongeza lita mpya juu ya zile zilizochoka sio kubadilisha oili, usijidanganye hapo.

Baada ya kusafisha brida, jaza mpaka alama ya juu lori likiwa limesimama tambarare, injini imezimwa robo saa, andika odometa. Tembea kilomita 2,000 na mzigo wa kawaida, andika kila ulichoongeza, alafu niletee hizo namba pamoja na presha ya oili ikiwa baridi na ikiwa moto sailensa. Ikishuka chini ya ile lita 1 kwa kilomita 1,000, tunaendelea hivyohivyo. Ikibaki palepale na kifuniko kinarushwa, pima kompresheni silinda moja moja kabla hujanunua dumu lingine.